Upinde Usioazimika

Katika vijitabu kama hiki mtu hutegemea kusoma juu ya ndoa, juu ya kilio, juu ya majina ya watoto. Mimi nataka kuandika juu ya upinde. Vijana wengi wa hapa mjini wanafikiri upinde ni kitu cha kuonyesha siku ya sikukuu, wakati wa ngoma, kiisha unarudishwa ukutani. Lakini kuna watu katika Ituri yetu wanaokula kwa upinde hata leo, na kuna wengine sasa wanaanza kuutafuta kwa dola. Swali langu ni hili: mtu akichagua upinde wa kuwindia, anachagua chombo tu, ao anachagua pia namna ya kuishi na wenzake?

Swali hili sikulitoa hewani. Kijana mmoja niliyemfundisha fizikia, anayekaa hapa hapa kartye Lumumba, alinionyesha kwenye telefone picha za pinde mbili. Dada yake eko Canada na amemwahidi kumnunulia moja. Kwa upande wa mama yake ni watu wa Mambasa, na kila akipata nafasi anapanda gari, anapita Komanda, anafika kwa wajomba zake na kuingia pori pamoja nao. Akaniuliza: "Mwalimu, kati ya hizi mbili, ya muzuri njo gani?" Alitaka hesabu: kilo, mwendo, bei. Nilimpa hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Lakini kadiri nilivyoendelea kuhesabu, niliona kwamba jambo kubwa haliingii katika hesabu ile.

Wasomaji wasiojua upinde huo mpya, tuuite upinde wa puli. Aliyeutengeneza ni Mmarekani, Holless Wilbur Allen, wa jimbo la Missouri. Aliomba haki ya uvumbuzi mwaka 1966, akaipata mwaka 1969. Alifunga puli kwenye ncha mbili za upinde, na kamba inazizunguka. Puli zile hazizunguki katikati yake sawasawa; shimo la kupitishia chuma limesogezwa pembeni. Faida yake ni hii: kwa upinde wa kawaida, kadiri unavyovuta ndivyo unavyozidi kuwa mzito, na mwisho mkono unatetemeka. Kwa upinde wa puli unavuta uzito mkubwa njiani, tuseme kilo 27, lakini ukifika mwisho puli inageuka na mkono unabaki kushika kilo 5 ao 6 tu. Mwindaji anaweza kukaa amevuta, akingoja nyama ageuke vizuri. Mshale ukitoka, ule wa pinde zenye nguvu unapita meta 90 kwa sekunde. Kwa mtu wa fizikia ni chombo cha kupendeza kabisa, sikatai.

Katika zile picha mbili, upinde wa kwanza ulikuwa wa bei kali, zaidi ya dola 1000, bila kuhesabu mishale. Huo umepimwa kwa mwili wa mtu mmoja: urefu wa kuvuta unafuata urefu wa mikono ya mwenyewe. Wa pili ulikuwa wa bei kama nusu ya ule, mwendo wake mdogo, lakini unaweza kurekebishwa kwa ufunguo mdogo wa pembe sita, kusudi mtoto wa miaka 12 autumie na baba yake pia. Yule kijana, kama vijana wote, macho yake yalikuwa kwenye wa kwanza.

Mimi niliweka pembeni upinde wa tatu ambao haukuwa katika telefone: ule wa Efe. Watu wa Bunia husema "Bambuti" kwa wote, lakini wawindaji wa pori la Ituri hawawindi kwa njia moja. Upande wa Epulu na Mambasa, wale wanaoishi jirani na Wabila ni watu wa nyavu. Efe, wanaoishi jirani na Walese, ni watu wa upinde. Upinde wao ni mfupi na mwepesi, kamba yake ni ukanda wa bua la porini, na mshale unapewa jani mahali pa manyoya. Kwa nyani wanatumia mishale ya mti yenye sumu. Kwa nyama wa chini, ncha ya chuma waliyoipata kwa wafua chuma wa vijijini. Ukiuweka upinde huo karibu na ule wa dola 1000, mtoto wa sekondari atacheka.

Asicheke upesi. Meta 90 kwa sekunde ni za nini ndani ya pori ambamo jicho halivuki hatua 20? Upinde wa puli ulitengenezwa kwa watu wanaopiga kulungu pembezoni mwa shamba, kwa meta 30 ao 40. Kule kwa wajomba, mboloko anatoka kwenye majani mbele ya miguu yako na anaingia kwenye majani mengine. Kinachotakiwa ni upesi wa kuinua mkono, si nguvu ya puli. Tena ule wa puli una uzito wa karibu kilo 2 bila vifaa vyake, na ukiachia kamba bila mshale, sawa vile watoto wanavyopenda kujaribu, unaweza kupasuka hapo hapo.

Lakini kuna hoja moja ya kweli upande wa upinde mpya, nayo ni huruma. Mshale dhaifu unajeruhi. Mboloko aliyepigwa tumboni anakimbia na mshale wake, na mbwa wanamfuata muda mrefu mbele ya kumaliza. Upinde wenye nguvu, ukiwa na ncha kali, unapita mapafu na nyama anaanguka karibu. Kama tunasema kwamba kutesa kiumbe ni vibaya, na desturi zetu zinasema hivyo, basi si haki kusifu upinde wa zamani kwa sababu tu ni wa zamani. Hoja hii imenisumbua. Ninachoijibu ni kwamba nguvu haikai peke yake, inamvuta mtu. Mwenye upinde wa kufika mbali anaanza kupiga mbali. Aliyekuwa anangoja hatua 10 sasa anajaribu 40, na majeraha yanarudi pale pale. Hata Marekani, ambako majimbo huwapa watu wa upinde majira yao ya kuwinda kwa kuwa upinde ni chombo kigumu kuliko bunduki, wawindaji wenyewe walibishana sana kama kitu chenye puli bado kiitwe upinde. Huruma iko katika mtu anayekubali kuacha nyama apite. Puli haimfundishi mtu kuacha.

Juu ya kutengeneza sitakawia. Kamba ya upinde wa puli haibadilishwi kwa mkono. Unahitaji mashine ya kukandamiza mikono ya upinde. Hapa Bunia mafundi wetu wanatengeneza moto, redio na mashine ya kusaga, na sitashangaa wakitengeneza hata hii, lakini kule porini hakuna. Mshale wa karboni uliopotea katika majani ni dola zilizopotea. Mshale wa mti unachongwa jioni, karibu na moto, huku watu wanaongea.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Upinde ule wa kwanza, uliopimwa kwa mikono ya mtu mmoja, hauazimiki. Mpe ndugu yako mwenye mikono mirefu: puli inamzuia mbele hajafika mwisho. Mpe mtoto: hawezi kuuvuta hata kidogo. Wengine watasema ni jambo dogo la ufundi. Kwangu mimi hapo ndipo swali la mema na mabaya linapoanza, kwa sababu katika uwindaji wa watu wetu, chombo kinachozunguka mikononi ndicho kinachozungusha nyama.

Tazameni nyavu. Nyavu zinaunganishwa kwa nusu duara, kila familia na wavu wake, wanawake wanapiga kelele na kusukuma nyama kuelekea huko. Nyama anayenaswa ni wa mwenye wavu, hata kama mwingine ndiye aliyemchoma mkuki, lakini mafungu yanatoka kwa aliyechoma na kwa waliosukuma. Tazameni na Efe wanapowinda kwa kundi: mbwa ana kengele ya mti shingoni, wapiga mishale wamesimama kuzunguka. Aliyepiga kwanza ana fungu lake, aliyepiga wa pili ana lake, mwenye mbwa ana lake. Na mbali na sisi, katika jangwa la Kalahari, watu wa Ju/'hoansi wanakwenda hata mbele zaidi: nyama ni wa mwenye mshale uliopiga kwanza, wala si wa aliyeupiga, na watu wanaazimana mishale kila siku. Kwa hiyo mzee asiyeweza tena kutembea, ao mwanamke asiyewinda, anaweza kuwa mwenye nyama, yaani mwenye haki ya kugawa. Na kijana hodari hawezi kujisifu sana, kwa sababu mshale si wake.

Hizi si hadithi za watu wema kuliko sisi. Colin Turnbull, Mwingereza aliyeishi na watu wa nyavu karibu na Epulu katika miaka ya 1950, aliandika katika kitabu chake cha 1961 juu ya mwindaji mmoja, Cephu, aliyekwenda kwa siri kutega wavu wake mbele ya nyavu za wenzake kusudi nyama wafike kwake kwanza. Alipogunduliwa, kambi nzima ilimhukumu. Alijaribu kujitetea kwamba yeye ni mtu mkubwa, anastahili mahali pazuri zaidi. Wakamwambia kama ni mkubwa, basi aende akawe mkubwa na kundi lake peke yake. Akaomba radhi, na nyama aliyoipata ikachukuliwa. Kosa lake halikuwa kuua. Aliua nyama wale wale ambao wengine wangewaua. Kosa ni kwamba alijipa faida ambayo wenzake hawana, na akaificha.

Wengine watasema: basi na bunduki ya kaliba 12 je? Na waya? Kweli, waya ni mbaya kuliko yote, unakamata usiku na mchana, dume na jike mwenye mimba, na mara nyingi nyama anaoza pale mwenyewe hajarudi kuangalia. Mbele ya waya, upinde wowote ni chombo cha heshima, hata wenye puli. Lakini yule kijana hakuniuliza juu ya waya.

Kuna jambo la mwisho ambalo mtu wa Canada hawezi kulijua, na mtu wa Lumumba hawezi kulisahau. Hapa kwetu upinde si wa kuwinda tu. Katika vita vya 1999 mpaka 2003, ambavyo inasemekana viliua zaidi ya watu 50.000 katika Ituri, si wote waliouawa kwa risasi. Mapanga na mishale vilifanya kazi pia. Kuna mama katika avenyu zetu ambao wakiona mtu amebeba upinde jioni, hawafikirii mboloko. Na upinde wa puli, ukiwa mweusi ao wenye rangi za majani kama nguo ya askari, utaelezwa namna gani kwenye barieri? Tangu serikali ilipotangaza utawala wa kijeshi katika jimbo letu mwezi wa tano 2021, tumezoea kuulizwa tumebeba nini. Muzee wa Efe na upinde wake mdogo njiani anajulikana ni nani. Kijana wa mjini na chombo kile hajulikani, na katika mji wetu mtu asiyejulikana akiwa na silaha anawatia wengine hofu ambayo haikuwa nia yake. Hofu hiyo ni yake pia kuichukulia jukumu.

Kwa hiyo nilimjibu hivi. Kama unataka nyama tu, wajomba watakuonyesha upinde wao, hautakugharimu dola, na utajifunza kungoja. Kama umeshaamua kupokea zawadi ya dada yako, maana zawadi ya ndugu haikataliwi ovyo, uombe ule wa pili, wa bei ndogo, unaorekebishwa. Usiutembeze Bunia, usafiri umefungwa, na ukae kule kwa wajomba hata wewe unaporudi huku. Na ule ufunguo mdogo wa pembe sita usiuweke mfukoni mwako. Umpe mjomba mkubwa, kusudi akisema leo anapiga fulani, upinde upimwe kwa mikono ya huyo fulani.

Juu ya ufunguo alinyamaza kidogo. Kiisha akauliza kama dada yake, ambaye ndiye analipa, naye atakuwa na fungu katika nyama. Nikamwambia kwa desturi ya mwenye mshale, fungu lake ni kubwa kuliko la wote, na aanze kufikiri namna gani litafika Canada.