Kupunguza Miche na Kupunguza Watu

Kwa mkulima wa pamba wa hapa Bariadi, neno "kupunguza" halina kitisho. Miche ikisongamana shimoni, huing'oa iliyo dhaifu na kuacha michache yenye nguvu ipate nafasi ya kuzaa. Iliyong'olewa hunyauka juani, wala hakuna anayeisikitikia.

Wakubwa wa makampuni nao hulitumia neno hilo hilo, ila kwa watu. Oktoba 2024 kampuni ya Boeing ya Marekani, iliyounda baadhi ya ndege za Air Tanzania, ilitangaza kupunguza asilimia 10 ya wafanyakazi wake, yaani watu wapatao 17,000. Ilikuwa imeelemewa na hasara, na mafundi wake walikuwa katika mgomo. Nyuma yake kulikuwa na ajali mbili za ndege aina ya 737 MAX, Indonesia mwaka 2018 na Ethiopia mwaka 2019, zilizoua watu 346.

Ndugu msomaji, je, mfanyakazi ni mche? La hasha. Mche haukulima shamba. Mfanyakazi ndiye aliyelilima. Mche hauna watoto wanaosubiri karo.

Sisemi kampuni isipunguze watu kamwe. Kampuni ikifa, hukosa kazi wote. Lakini haki huanza kwa kuuliza mzigo umetua begani kwa nani kwanza. Aliyekaza parafujo siye aliyeamua ndege iundwe namna gani. Ikiwa yeye ndiye wa kwanza kupoteza, na aliyeamua ni wa mwisho, huko si kuokoa kampuni. Ni kumlipisha mtu deni asilolikopa.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya ng'ambo tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika lake la ndege lilikufa, na yale ya reli, bandari na posta yakagawanyika. Mwaka 1984 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia sahihi mkataba wa kugawana mali na madeni. Mali ikapata wenyewe. Lakini wafanyakazi wa Tanzania waliendelea kudai mafao yao, na makubaliano na Serikali yalifikiwa mahakamani mwaka 2005, miaka 28 baadaye; na hata hapo madai hayakuisha. Aliyeachishwa akiwa na miaka 30 alikuwa sasa na 58. Wengine walikwisha kuzikwa. Wala si wao walioivunja Jumuiya.

Basi, kupunguza watu kwaweza kuwa lazima, lakini ulazima haufuti deni. Anayebaki kazini amebaki kwa nafasi aliyoachiwa na aliyetoka. Kwa hiyo haki ya aliyetoka ilipwe mapema, kabla ya faida ya waliobaki. Na anayekata mishahara ya wengine aanze na wake mwenyewe.