Mbali ni Wapi?

Kila Desemba nyumbani kwetu Thika huwa na mabishano yale yale: pesa za chama zimetoka, twende wapi? Mke wangu anataka bahari. Watoto wanataka Maasai Mara, wakaone simba. Mimi napenda Kisumu, nile samaki nikitazama ziwa. Nchi ni kubwa, zaidi ya kilomita mraba 580,000, na mfuko ni mdogo. Basi tunachagua, na sikuwahi kudhani kuchagua huko kunaweza kumkosea mtu.

Mwaka juzi jirani yangu sokoni, mzaliwa wa Marsabit, alinialika kwenye harusi ya dada yake. Tumeuza mitumba bega kwa bega miaka tisa. Nikamwambia, "Ndugu yangu, ningekuja, lakini huko ni mbali sana." Akaitikia kwa kichwa. Wiki mbili baadaye nikafunga kibanda, nikapeleka familia Mombasa. Niliporudi, akaangalia uso wangu uliochomwa na jua, akacheka: "Kumbe Mombasa ni karibu, bana."

Nilicheka pia, lakini neno lile lilinikaa. Usiku nikafungua ramani. Kutoka Thika, Marsabit na Mombasa zinakaribiana kwa umbali. Kila moja ni takriban kilomita 500. Tena barabara ya Marsabit ni hii hii yetu, A2, inayopita Thika kuelekea Isiolo mpaka Moyale, na siku hizi ni lami. Kwa hivyo niliposema "mbali" sikuwa nikizungumzia kilomita. Nilisema kitu kingine, na yeye alikisikia.

Watu wa kaskazini wana msemo wakisafiri kuja Nairobi: "Tunaenda Kenya." Zamani niliuona mzaha tu. Sasa naona sisi wa huku ndio tuliowafundisha kusema hivyo. Nikiwa darasa la sita tulipelekwa Makumbusho ya Nairobi, tukasimama mbele ya sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa pembe ndefu aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970, akafa 1974. Ahmed alikuwa wa msitu wa Marsabit. Tulishangaa pembe zake weee, lakini hakuna mtoto aliyeuliza kwao ni wapi.

Mtu ataniambia: pesa ni zako, likizo ni yako, na starehe si deni. Kweli. Wala sioni heshima katika kwenda kwa watu kwa sababu ya kujuta, uwatazame kama wanyama wa mbugani, kisha urudi ukijisifu uzalendo. Simba wa Mara hawanidai kitu, na jangwa la Chalbi halinidai kitu. Lakini mtu aliyenialika ananidai. Hata kama siwezi kwenda, ananidai ukweli: kwamba sikuogopa safari, niliogopa nisichokijua, nikakiita mbali.

Harusi haiwezi kurudiwa kwa ajili yangu. Nilimwomba jirani msamaha, akasema hayo yamepita, tuuze nguo. Mwezi uliopita dada yake alijifungua. Safari hii hakunialika. Nilimuuliza mwenyewe basi la Marsabit huondoka saa ngapi.