Kabla Hujagusa Msimbo, Itafute Namba

Mwanangu, ujumbe wako nimeusoma, na picha za skrini ulizonitumia nimezipitia moja moja. Umetengeneza tovuti ya kuagizia nyama kwa ajili ya wachinjaji wa hapa Vingunguti. Mteja anachagua anachotaka, anaweka kwenye kapu, lakini akienda ukurasa wa kulipia anakuta kapu tupu. Kwenye laptopu yako kila kitu kinakwenda sawa, ila ukiipandisha kwenye seva inasahau. Unasema umekesha ukibadilisha hiki na kile bila mafanikio. Hapo ndipo ninapotaka tuanzie: acha kubadilisha. Usiguse mstari hata mmoja mpaka ujue kumbukumbu inapotelea upande gani.

Nakukazia hili kwa sababu anayeumia si wewe peke yako. Mama lishe wa Buguruni anayeagiza utumbo na maini saa 10 alfajiri hana nafasi ya kujaza fomu upya. Supu yake inatakiwa iwe tayari kabla watu wa viwandani, huko Barabara ya Nyerere, hawajaanza kupita kwenda kazini. Kapu likimpotea leo na kesho, atarudi kumpigia simu mchinjaji wake kama alivyozoea, na tovuti yako hataifungua tena. Mchinjaji naye atakwambia mambo ya mtandaoni hayana maana. Kazi yako ni nzuri, na inastahili kuaminiwa na watu hawa.

Sasa sikiliza kitu kinavyofanya kazi, maana vijana wengi wanatumia sesheni bila kujua ni nini. Seva haimkumbuki mtu. Kila ukurasa unaoombwa, kwake ni mgeni mpya. Tatizo hilo lilikuwepo tangu mwanzo, na mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape huko Marekani, akalitafutia dawa kwa kubuni kuki. Haja iliyomsukuma ilikuwa hii hii yako, kapu la mnunuzi wa mtandaoni. Lugha ya PHP unayoitumia ilipata sesheni zake za ndani katika toleo la 4, mwaka 2000. Chukulia mgonjwa wa hospitali: anabeba kadi yenye namba tu, na faili lenye habari zake linabaki masjala. Kuki ndiyo kadi, iko kwenye simu ya mteja. Kile unachokiweka ndani ya $_SESSION ndilo faili, liko kwenye seva yako. Mteja hatembei na kapu, anatembea na namba.

Kwa hiyo swali la kwanza ni moja tu: mteja akifika ukurasa wa pili, anakuja na namba ileile aliyopewa ukurasa wa kwanza?

Fungua tovuti kwenye kompyuta, bonyeza F12, nenda sehemu inayoonyesha mawasiliano ya mtandao. Pakia ukurasa wa kuchagua nyama, uangalie jibu la seva: utaona mstari wa Set-Cookie wenye PHPSESSID na herufi ndefu mbele yake. Ziandike pembeni, hata kwenye karatasi. Nenda ukurasa wa kulipia, uangalie ombi ambalo kivinjari kimelituma: PHPSESSID ipo? Ni ileile? Kazi hii haimalizi dakika 5, na inakata tatizo lako vipande viwili. Namba ikiwa imebadilika au haipo, kadi ndiyo imepotea, na hakuna haja ya kupekua folda za seva. Namba ikiwa ileile na kapu ni tupu, basi kivinjari hakina kosa, shida iko masjala. Vijana wengi hukesha upande mmoja wakati kosa liko upande wa pili.

Tuanze na kadi iliyopotea. Kwa picha ulizonitumia, nashuku hapa ndipo ulipo.

Kuki husafiri kwenye heda, na heda lazima zitangulie kabla ya herufi yoyote ya ukurasa. Ndiyo maana session_start inatakiwa iwe juu kabisa, na iwe kwenye kila ukurasa unaotumia sesheni, ule wa kulipia nao ukiwemo. Umeiweka, nimeona. Lakini tazama faili lako la mipangilio, lile unaloliita mwanzo kabla ya session_start. Umeliandika kwa Notepad. Matoleo ya zamani ya Notepad, ukihifadhi faili kwa UTF-8, huweka mwanzoni baiti 3 zisizoonekana: EF BB BF. Kwenye skrini huzioni, unaona <?php imekaa vizuri mstari wa kwanza. PHP inaziona, na inazituma kwa mteja kama maandishi ya ukurasa. Zikishatoka, heda zimefungwa, kuki haiwezi kutumwa tena. Mstari mtupu uliobaki baada ya ?> mwishoni mwa faili unaleta balaa hilohilo, na ndiyo sababu mafundi wazoefu hawaifungi kabisa alama hiyo kwenye mafaili ya PHP tupu.

Utauliza, mbona kwenye laptopu inafanya kazi? Inawezekana laptopu yako ina output_buffering iliyowashwa, ambayo huyashikilia maandishi kwanza na kuzipa heda nafasi ya kutangulia. Seva yako huenda haina. Kosa lipo kote kuwili, ila kwako limefichwa. Na huko kwenye seva, makosa hayaonyeshwi kwenye ukurasa, jambo ambalo ni sahihi, lakini yanaandikwa kwenye faili la makosa. Lifungue. Ukikuta maneno "headers already sent", soma mpaka mwisho wa sentensi: mara nyingi inakutajia jina la faili na namba ya mstari ambako maandishi yameanza kutoka. Hujasoma faili hilo hata mara moja tangu uanze kuhangaika, na pengine jibu limo.

Kama heda ni salama, tazama domeini. Mteja akiingia kwa anwani yenye www kisha kiungo chako cha kulipia kikampeleka kwenye anwani isiyo na www, kivinjari kinaona hizo ni nyumba mbili na hakitoi kadi ya nyumba moja kwa nyingine. Chagua anwani moja, nyingine zote zielekeze huko. Angalia pia kama umeweka alama ya Secure kwenye kuki huku baadhi ya kurasa zako zikifunguka kwa http tupu, maana kuki ya namna hiyo haisafiri bila https. Na kama unampeleka mteja kwenye ukurasa wa malipo wa kampuni nyingine kisha anarudishwa kwako kwa POST, jua kwamba Chrome, kuanzia toleo la 80 la Februari 2020, inazibana kuki za aina hiyo zisipotajwa SameSite yake. Mteja anarudi bila kadi, session_start inamtolea kadi mpya, na ile ya zamani inafutika palepale.

Rafiki yako amekushauri uwashe use_trans_sid ili namba ipite kwenye anwani ya ukurasa badala ya kuki. Mwanangu, usimsikilize. Tovuti itaonekana imepona. Halafu mama lishe atainakili anwani ile na kuibandika kwenye grupu la WhatsApp ili wenzake waone bei ya maini, na kila atakayebonyeza ataingia ndani ya kapu lake, kwa jina lake, na namba yake ya simu. Dawa ya kapu tupu isiwe kuwaanika watu.

Sasa masjala. Namba ni ileile lakini hakuna kitu ndani.

Uliza PHP inaweka sesheni folda gani. Mpangilio unaitwa session.save_path. Kwenye Ubuntu kwa kawaida ni /var/lib/php/sessions. Ndani yake kila mteja ana faili linaloanza na sess_ likifuatiwa na namba ile uliyoiandika kwenye karatasi. Litafute hilohilo. Lisipokuwepo, huenda PHP hairuhusiwi kuandika kwenye folda, hasa kama umehamisha tovuti kutoka seva nyingine na mpangilio bado unataja folda ambayo huku haipo. Likiwepo lakini ukubwa wake ni baiti 0, data haikuandikwa: angalia kama diski imejaa, na kama kweli msimbo wako umefika kwenye mstari wa kuweka kapu. Likiwa na kitu kama kapu|a:2 na orodha ya nyama, basi data ipo, na ukurasa wako wa pili ndio unaosoma vibaya. Labda umeandika Kapu kwa herufi kubwa mahali fulani, na kapu kwa herufi ndogo kwingine. PHP haiwezi kujua ulimaanisha kitu kimoja.

Faili linaweza kuwepo asubuhi na kutoweka baadaye. Kwa kawaida PHP huhesabu sesheni kuwa imechakaa baada ya sekunde 1440, yaani dakika 24, bila kuguswa. Mchinjaji akifungua orodha ya maoda, akaenda kushughulikia mbuzi, akirudi anaweza kukuta ametolewa. Kuna jingine linalowasumbua wanaokodi seva za bei nafuu: tovuti nyingi zikitumia folda moja ya sesheni, msafishaji wa PHP anayefuta sesheni zilizochakaa, kwa jirani yako aliyepanga muda mfupi, anaweza kufagia na za kwako. Tengeneza folda yako mwenyewe, nje ya mafaili yanayofunguka kwa umma.

Siku ukikua ukawa na seva mbili, kumbuka kwamba kila moja ina masjala yake. Hapo utahamishia sesheni kwenye hifadhidata au Redis ili zote zisome mahali pamoja. Leo hilo halikuhusu.

Linalokuhusu leo ni kipande ulichoandika cha kukagua anwani ya IP ya mteja na kuvunja sesheni ikibadilika. Nia yako ni njema, lakini kitoe. Wateja wako wanatumia data ya simu. Mitandao ya simu huwagawia watu wengi anwani chache, na mtu akitoka kwenye data akaingia waifai anwani yake inabadilika. Anayetumia Opera Mini maombi yake hupitia seva za Opera kwanza. Ukitaka ulinzi wa kweli, badilisha namba ya sesheni kwa session_regenerate_id mteja anapoingia kwa nywila, na ukimwelekeza ukurasa mwingine weka exit baada ya heda ya Location, ili msimbo wa chini usiendelee kutembea na kufuta ulichokiweka.

Vilevile achana na yale mafunzo ya zamani ulikonakili session_register. Iliondolewa katika PHP 5.4, mwaka 2012, pamoja na register_globals. Siku hizi unaweka na kusoma ndani ya $_SESSION moja kwa moja, basi.

Nimebakisha jambo zito kuliko yote, ambalo hukuniuliza. Nimeona kwenye msimbo wako kwamba namba ya oda unaihifadhi kwenye sesheni, na taarifa ya malipo ya M-Pesa ikifika unaitafuta humo. Hutaikuta kamwe. M-Pesa ya Vodacom iko Tanzania tangu 2008 na wateja wako wanaijua vizuri: mtu anapata ujumbe kwenye simu, anaweka namba ya siri, pesa inatoka. Anayekuja kukuambia kwamba malipo yametimia ni seva ya kampuni kwa seva yako. Hapo hakuna kivinjari, hakuna kuki, kadi ya mama lishe haipo. Utatafuta namba ileile mpaka kesho, na hakuna kosa la kurekebisha, kwa sababu sesheni haikuwahi kuwa mahali pake. Oda iandike kwenye hifadhidata kabla ya kuomba malipo, ipe namba yake ya kumbukumbu, itume namba hiyo pamoja na ombi la malipo, na taarifa ikirudi itafute oda kwa namba hiyo. Sesheni ibebe kitambulisho cha oda tu, kwa ajili ya kumwonyesha mteja ukurasa wake. Umeme ukikatika au simu ikiisha chaji, pesa ya mtu na oda yake bado vinajulikana viliko. Hali ni hiyo hiyo ukija kutengeneza menyu ya USSD: mtoa huduma ndiye atakayekutumia namba ya sesheni katika kila ombi, kuki hakuna, nawe utahifadhi hatua za mteja kwa namba hiyo.

Ukiwa unachunguza, usiache ukurasa wa tovuti iliyo hewani ukichapisha yote yaliyomo kwenye $_SESSION. Mna majina, namba za simu na mahali watu wanapoishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na hata isingekuwepo, wale ni majirani zetu. Picha za skrini ulizonitumia zilikuwa na namba za wateja. Nimezifuta, nawe zifute.

Kesho fanya hivi. Rudisha msimbo ulivyokuwa kabla ya kukesha kwako. Soma faili la makosa. Kisha fuata namba kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa pili, kwenye kompyuta, halafu urudie kuagiza kwa simu ya kawaida ya mteja ikiwa kwenye data, si kwenye waifai ya ofisini. Ukikuta namba inabadilika, hifadhi upya yale mafaili bila zile baiti 3 ujaribu tena. Ukikuta ni ileile, nitumie jina la folda, ukubwa wa faili la sess_ na mistari 20 ya mwanzo ya ukurasa wa kulipia. Jioni baada ya magharibi nitakuwa nyumbani, njoo na laptopu tuifungue pamoja.