WAZO LA LEO: Kinga unayoimudu

Kwenye barabara ya taifa namba 4, kutoka Beni kupanda Eringeti, kinga hubeba kakao, ndizi na madumu ya mafuta ya mawese. Nyingi hazina gia hata moja. Wenye nazo wanajua wapi pa kushuka na kusukuma, na wapi pa kuushikilia mzigo usiwatangulie. Ujuzi huo nauheshimu sana.

Kijana anayetamani kinga ya milimani, zile zilizoanzia California miaka ya 1970, auangalie uwezo wake kabla ya rangi. Springi za nyuma zinamfaa mzoefu anayeshuka kwa kasi kwenye mawe na mizizi. Kwa anayeanza zinaongeza uzito na bei, zinameza nguvu ya miguu kwenye mpando, na zikiharibika vipuri ni vya kutafuta mbali. Springi ya mbele inamtosha, pamoja na matairi mapana yasiyojazwa upepo kupita kiasi, ili yashike tope.

Pesa iende kwanza kwenye breki. Rimu ikiloa mvua, mpira wa breki huteleza. Breki ya diski huvumilia maji na tope zaidi. Kisha simama juu ya fremu, nyayo zote chini: bomba la juu likikugusa, kinga hiyo ni kubwa kwako.

Wazazi, tafadhali, msimnunulie mtoto kinga ya kukulia. Mnunulieni anayoweza kuisimamisha leo.