Walioujua Ruzizi

Stempu ni karatasi ndogo, lakini serikali inayoichapisha inatamka neno kubwa: hiki ndicho tunachotaka kikumbukwe. Ndiyo maana stempu za zamani nazitazama taratibu, kwanza kilichochorwa, kisha kilichoachwa.

Mwaka 1894 Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II ilitoa stempu zenye bandari ya Matadi na daraja la reli juu ya mto M'Pozo. Daraja limechorwa vizuri. Wafanyakazi waliokufa wakiijenga reli ile hawamo. Mwaka 1928 Kongo ya Wabelgiji ikatoa stempu zenye sura ya msafiri Stanley. Mwaka 1971 posta ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanzania nayo ikaadhimisha miaka 100 tangu Stanley akutane na msafiri mwenzake Livingstone pale Ujiji, kwenye ziwa letu hili hili la Tanganyika.

Habari hiyo ya Ujiji inatugusa sisi wa Lubarika, kwenye uwanda wa Ruzizi. Baada ya kukutana, wale wawili walikwenda kwa mtumbwi hadi kaskazini mwa ziwa, kutafuta jibu la swali lililowagawa wataalamu wa Ulaya: mto Ruzizi unatoka Tanganyika kwenda Nile, au unaingia ziwani? Walifika kwenye mlango wa mto, wakaona unaingia. Leo, kusini mwa Bujumbura, jiwe la Mugere lina majina yao na tarehe 25 Novemba 1871.

Lakini miaka 13 kabla yao, wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, wana wa mfalme wa hapo waliwaambia wazi kwamba Ruzizi unaingia ziwani. Jibu lilikuwapo. Mvuvi aliyetega nyavu pale mlangoni, na mama aliyeteka maji huku uwandani, walijua maji yanakokwenda. Majina yao hayakuandikwa popote.

Sisemi safari ile ifutwe. Kwenda kuona kwa macho ni kazi ya heshima, na jiwe la Mugere lastahili kulindwa. Nasema tu kwamba sifa ya aliyeandika isimeze haki ya aliyejua.

Tena wapo waliotangulia kujiandikia. Zanzibar ilipotoa stempu zake za mwaka 1957 ilichora msikiti wa Dimbani, Kizimkazi. Humo ukutani umechongwa mwaka 500 wa Hijria, ndio 1107. Walioujenga hawakungoja mgeni apite aseme kwa niaba yao.

Huku kwetu mengi yamo vifuani mwa wazee, na vita vimetuhamisha mara nyingi hata kijana hajui nani alichimba mfereji unaomwagilia mpunga wa baba yake. Walimu wa Lubarika, Luvungi na Sange wanaweza kuanza na karatasi na kalamu. Kila mtoto achore stempu ya kwao: mfereji, kivuko, mti wa baraza. Nyuma yake aandike jina la mzee aliyemweleza habari hiyo, na majina ya waliofanya kazi ile. Siku posta ikitafuta picha ya uwanda wa Ruzizi, itukute tuna majina ya kuipa.