Aliyedhulumiwa Naye Asikiwe

Katika Injili ya Mtakatifu Luka twasoma mfano wa mjane aliyemwendea kadhi asiyemcha Mungu wala kumjali mtu. Mjane yule hakuitwa barazani. Alikwenda mwenyewe, akarudi, akarudi tena, hata kadhi akachoka akamwamulia. Twausifu uvumilivu wake, nasi twafanya vema. Lakini ni mara chache tunajiuliza: kwa nini mtu aliyedhulumiwa alazimike kumchosha hakimu ndipo asikiwe?

Swali hilo limeyasumbua hata mataifa. Katika mahakama ya Nuremberg, baada ya vita kwisha mwaka 1945, na katika ile ya Arusha iliyoundwa mwaka 1994 kwa ajili ya mauaji ya Rwanda, aliyedhulumiwa aliingia kortini kwa mlango mmoja tu, mlango wa shahidi. Aliulizwa, akajibu, akaenda zake. Mkataba wa Roma wa mwaka 1998, ulioiweka Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, ulimfungulia mlango wa pili. Kifungu cha 68 chawaruhusu waliodhulumiwa kuyaleta maoni na masikitiko yao mbele ya mahakimu, hata kwa kinywa cha wakili wao, pale mambo yao wenyewe yanapoguswa. Kifungu cha 75 chawapa mahakimu uwezo wa kumwamuru mwenye hatia kulipa fidia.

Wako wanaouhofia mlango huo, wakisema mshtakiwa mmoja atazungukwa na washtaki wengi. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Mshtakiwa naye ni mtu, wala haki yake isikanyagwe kwa sababu ya machozi ya wengi. Ndiyo maana kifungu kile kile chaagiza kwamba sauti yao isiivunje haki ya mshtakiwa. Basi aliyedhulumiwa hakufanywa mshtaki wa pili, wala hakimu. Amefanywa mtu mwenye neno.

Tukitazame kijiji cha Bogoro, katika Ituri, nchini Kongo. Tarehe 24 Februari 2003 wapiganaji walikishambulia, wakaua watu, wakapora mali, wakabomoa nyumba. Mwaka 2014 Germain Katanga alitiwa hatiani kwa kusaidia uovu huo, akahukumiwa kifungo cha miaka 12. Zamani mambo yangeishia hapo. Lakini mahakimu waliyasoma maombi ya waliodhulumiwa, moja baada ya jingine, na tarehe 24 Machi 2017 wakawatambua watu 297 kuwa wanastahili fidia. Kila mmoja aliamriwa apewe dola 250 kuwa ishara, na wote wasaidiwe katika makazi, masomo, kazi za kujipatia riziki, na tiba ya majonzi ya moyo. Katanga alitakiwa kulipa dola milioni moja. Kwa kuwa hakuwa na kitu, uliombwa Mfuko wa Waathirika, ambao hutegemea michango ya serikali na wafadhili.

Dola 250 hazimtoi mzazi kaburini, na miaka 14 ni mingi kungoja. Tena mlango huu wa fidia hufunguka tu mtu akiisha kutiwa hatiani. Kesi ya William Ruto na Joshua Sang, juu ya ghasia za Kenya zilizofuata uchaguzi wa mwaka 2007, ilipokomeshwa mwaka 2016, waliodhulumiwa hawakupata amri yoyote ya fidia. Majeraha yao hayakukoma pamoja na kesi.

Basi tusiwanyoshee kidole mahakimu wa mbali peke yao. Zakayo hakutosheka kujuta. Aliahidi kurudisha mara nne. Nasi twafundishwa kwamba mwizi anayeungama sharti akirudishe alichoiba, akiweza. Je, katika mabaraza yetu ni mara ngapi wazee wamepatana, mbuzi akaliwa, mikono ikapeanwa, na huku binti aliyetendewa ubaya yu jikoni, hakuulizwa hata neno moja? Amani ya namna hiyo ni amani ya waliokula mbuzi.

Wewe uliye mzee wa ukoo, mwalimu, katekista au hakimu, kabla hujatamka kwamba shauri limekwisha, mwite yule aliyeumizwa, umpe kiti, umsikilize mpaka amalize.