Kuwaka Si Kupona

Pikipiki iliyokufa kabisa haimsumbui sana fundi, kwa sababu ubovu upo palepale na unangoja kutafutwa. Inayomtoa jasho ni ile inayowaka asubuhi, ikagoma saa sita juani, kisha ikawaka bila shida mara tu ikifikishwa gereji. Mbele ya pikipiki ya namna hiyo watu hugawanyika. Wapo wanaosema ni mkosi, au kijicho cha mtu pale kijiweni. Wapo wanaobadilisha betri, na ikishawaka wanatangaza kwamba betri ndiyo iliyokuwa mbovu. Hawa wa pili hujiona wajuzi kuliko wa kwanza, lakini wote wametaja sababu ambayo hawajaiona. Ni lini basi mtu anakuwa na haki ya kusema ameijua sababu ya jambo? Nashikilia kwamba kuwaka tena hakutoshi. Aliyeijua sababu ni yule anayeweza kuuita ubovu ukaja na kuuondoa ukaondoka kwa kugusa kitu kimoja tu, vingine vyote akiviacha vilivyo.

Tuangalie jinsi umeme unavyopita. Kwenye pikipiki nyingi zenye stata, umeme wa kuwashia hutoka kwenye betri, ukapita fyuzi, swichi ya funguo, swichi ya kuzimia injini iliyo kwenye usukani, na kitufe cha stata, ndipo uamshe rilei inayoipa mota moto wa kuzunguka. Katikati huwekwa swichi za usalama: ya klachi, ya nyutro, na kwa baadhi ya pikipiki ile ya stendi ya pembeni. Palipo na swichi zilizofuatana kwenye njia moja, moja ikikataa umeme haufiki. Ugumu wa kujua unaanzia hapo, maana ukibonyeza kitufe ukakuta kimya, kimya kilicholetwa na klachi hakina tofauti na kilicholetwa na swichi ya funguo. Dalili ni moja, washukiwa ni wengi.

Fungua kasha la swichi la pikipiki iliyokaa Tanga au Mombasa kwa miaka. Ndani utakuta vipande vya shaba vidogo kama punje za mchele, ambavyo vilipaswa kung'aa. Kimoja kimeota kutu ya kijani ya chumvi na unyevu, kingine kina doa jeusi la cheche. Springi bado inasukuma na kidole kinahisi kitufe kimeingia sawasawa, lakini umeme unapita pale tu vipande hivyo vinapogusana upande ulio safi. Tuta la barabarani, umande wa alfajiri, joto la injini, hata namna usukani ulivyokatwa wakati wa kuegesha, vyote hubadilisha mguso huo kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Pikipiki hiyo haina kigeugeu hata kidogo, kwani kila ilipogoma iligoma kwa sababu. Na aliyebadilisha betri je? Ili kuifikia alifungua kiti, akavuta nyaya, akatikisa usukani, na huenda mtikisiko huo ndio uliorudisha mguso. Au betri mpya yenye volti 12.6 ilipenyeza umeme kwenye mguso mchafu ambao ile iliyochoka ingeushindwa. Pikipiki imewaka kweli, na sababu aliyoitaja bado ni ya uongo.

Mtu wa dini anaweza kunipinga kwa hoja nzito. Mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alitoa mfano wa pamba na moto: tunachokiona ni pamba kuungua inapoguswa na moto, lakini hatuoni kwamba moto ndio mtendaji, kwa kuwa mtendaji ni Mwenyezi Mungu. Ikiwa hivyo, kuilaumu swichi kuna maana gani? Hoja hii naiheshimu, na naomba isomwe hadi mwisho. Ghazali mwenyewe alileta pingamizi kwamba, kwa msimamo wake, aliyeacha kitabu nyumbani angepaswa kuhofu kukikuta kimegeuka mnyama. Akajibu kwamba Mungu ameweka ndani yetu elimu kwamba mambo hayo, ingawa yanawezekana, hayatokei, kwa sababu anaiendesha dunia kwa ada, yaani kwa desturi. Mwanafalsafa Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alimpinga vikali, akiona kwamba anayekana sababu anaikana elimu yenyewe. Mabishano yao yalihusu nani hasa anayetenda, na katika pande zote mbili sioni mahali fundi anapopewa ruhusa ya kupiga ramli. Tena onyo la Ghazali linamwangukia sawasawa mwenye betri mpya: kuona mawili yakitokea pamoja si kuona moja likilizaa jingine. Na anayeamini kwamba utaratibu wa dunia ni ada ya Mungu ana sababu kubwa zaidi ya kuuchunguza kabla ya kusema.

Pingamizi la pili ni la njaa, nalo ni zito kwa namna yake. Dereva wa bodaboda ana hesabu ya kupeleka jioni, hana siku ya kukaa na falsafa. Lakini kukisia ndiko kunakomla zaidi: leo betri, kesho rilei, keshokutwa mota ya stata, na bado inagoma. Kuthibitisha hakuhitaji maabara. Weka mita kwenye swichi ikiwa katika hali ya kupitisha umeme. Usomaji ukae karibu na sifuri. Kata usukani kushoto na kulia, tikisa nyaya, na usomaji ukiruka umepata mshukiwa. Ubovu ukiwa upo, unganisha njia ya swichi hiyo moja kwa kipande cha waya. Ikiwaka ukiunganisha, ikagoma ukitoa, mara kadhaa mfululizo, sasa una neno la kusema, ingawa bado si la mwisho, maana swichi mbili zinaweza kuugua kwa pamoja. Waya huo usibaki hapo siku zote. Swichi ya stendi iliwekwa ili mtu asiondoke stendi ikiwa chini, ikagonga lami kwenye kona na kumwangusha yeye na abiria wake.

Pesa ya dereva na maisha ya abiria ni amana mikononi mwa fundi, na kutaja sababu usiyoiona ni kutoa ushahidi wa jambo ambalo hukulishuhudia. Kwa hiyo, fundi, pikipiki ikiwaka kabla hujaupata ubovu, mwambie mwenyewe wazi: imewaka, ila sijajua ilikuwa nini; ikigoma tena usiisukume, niite niipime palepale ilipo.